Tumbo Nililolificha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Kabla sijasema lolote pokea mikono yangu miwili, mmoja wa salamu na wa pili wa kukuomba ukae chini kwanza ndipo usome. Goti lako la kushoto linaendeleaje, bado linakusumbua ukiamka? Na mjomba je, ameshalitengeneza lile bomba la uani, au bado ni zile ahadi zake ambazo kesho yake haiishi? Msalimie sana, mwambie namkumbuka yeye na uvivu wake. Sisi huku tuko wazima, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuketi na kushika kalamu, na kwa hilo Mungu ashukuriwe.

Ujumbe wako wote nimeupata. Umeuliza kwa nini habari za jioni siku hizi zinasomwa na kijana anayekimbiza maneno kama anafukuzwa na mbwa. Mume wangu alikujibu kwamba nimeshikwa na mafua. Nilimwona akiandika, na nikajua hutalimeza jibu hilo, maana umelea watoto na unajua mafua yana mwisho wake. Utasema pia kwamba ningepiga simu. Ningepiga, mama, ningekudanganya tena. Sauti yangu ndiyo kazi yangu. Nimezoea kusoma ajali ya basi na bei ya unga kwa sauti ile ile iliyonyooka, na wewe ungekata simu ukiwa umeridhika. Kalamu sijaizoea hivyo.

Acha nianzie mbali kidogo. Unajua tangu niolewe ni mwaka wa saba huu. Miaka ya mwanzo ulikuwa ukinitania kwamba nyumba yenye vitanda viwili haikosi wa kulalia. Baadaye ukaacha utani, ukawa unauliza hali yangu kisha unanyamaza kidogo kwenye simu, na kile kimya nilikielewa kuliko maneno. Jambo ambalo sikukuambia ni kwamba hedhi yangu ilikuwa mgeni asiye na adabu. Ilipotea miezi minne, mitano, kisha ikija haitaki kuondoka. Na mwili ulikuwa unaongezeka. Wewe ulitulea tukiamini kwamba mwili ni afya, na mimi nilikuwa na afya ya watu watatu. Pale redioni kiti changu kilikuwa kinalia kila ninapogeuka, mpaka fundi mitambo akakibadilisha kimyakimya, kwa sababu wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama studio ina paka.

Mume wangu hakuwahi kunisema. Unamjua, yeye anatengeneza lifti, mambo ya uzito ndiyo mkate wake. Siku moja tu aliniambia kwamba lifti ikizidiwa hulia na kugoma kufunga mlango, lakini binadamu akizidiwa huchekacheka na kuendelea kupanda. Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa daktari wa wanawake.

Ni mama mpole, mwenye kucha fupi na sauti ya chini. Alimpima mume wangu kwanza, akasema yuko sawa, kisha akanipima mimi. Akanieleza kwamba mafuta ya mwilini hayakai kimya kama gunia stoo. Nayo yanatengeneza homoni, na yakizidi yanavuruga zile zinazoliamuru yai lipevuke. Mayai yangu yalikuwa yanaanza safari na kukwama njiani. Alisisitiza kwamba wako wanawake wanene wanaozaa bila shida yoyote, na wembamba wasiopata mtoto, kwa hiyo nisijione mkosaji. Ila kwangu mimi vipimo vilikuwa vinaonyesha chanzo, na hata mimba ingeingia kwa uzito ule, presha na sukari vingenisubiri mlangoni.

Tukajaribu njia za kawaida. Nilitembea, nilipunguza chakula, nilimeza dawa alizoniandikia. Kilo nane zikaondoka, kisha zikarudi na jamaa zao. Baada ya mwaka mzima wa hivyo ndipo akanitajia mpasuaji.

Mpasuaji alitueleza njia mbili. Ya kwanza, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba kama ndizi. Ya pili, wanatengeneza kifuko kidogo juu, kisha wanauvuta utumbo wa chini na kuuunganisha nacho, ili chakula kipite njia ya mkato. Kwa kuwa nilikuwa na kiungulia cha miaka mingi alishauri ya pili. Hawapasui tumbo zima siku hizi, mama. Wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera, wanafanya kazi yao wakitazama kwenye kioo. Akatupa na masharti: nimeze vitamini maisha yangu yote, nisishike mimba mpaka mwaka mmoja na nusu upite, na nikipata maumivu makali ya tumbo wakati wowote, hata miaka kumi baadaye, daktari yeyote atakayeniona aambiwe kwanza kwamba nilikatwa. Sharti hili la mwisho alilirudia. Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nasikiliza kama anavyosikiliza habari mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

Unakumbuka nilikuambia kwamba nakwenda kwenye mafunzo ya kazi na huko simu ni shida? Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yenyewe.

Sikukuficha kwa dharau. Nilijua ungelia, ungesema nakwenda kukatwa tumbo lisilo na ugonjwa. Na nilijua pia kwamba pale mtaani ningeitwa mvivu aliyeshindwa kufunga mdomo mpaka akafungwa na madaktari. Kwa hiyo tulikubaliana mimi na mume wangu kwamba jambo hili ni letu wawili.

Basi nikakonda. Kwanza nilikuwa nakunywa supu kwa kijiko cha chai, na nikijisahau nikaongeza kijiko kimoja natapika. Kisha mwili ukaanza kushuka, mwezi hadi mwezi, nguo zikawa zinanining'inia. Majirani wakaanza kunipa pole bila kusema ya nini. Mmoja aliniletea maziwa na kunishika mkono kwa muda mrefu, akaniambia siku hizi dawa zipo na watu wanaishi. Nilimshukuru, nikafunga mlango, tukacheka na mume wangu mpaka machozi. Mama, nilikuwa na furaha. Nilipanda ngazi za redioni bila kushika ukuta. Na mwezi wa tano baada ya upasuaji hedhi yangu ikaja kwa tarehe yake, na mwezi uliofuata vilevile. Nilijifungia chooni kazini nikalia kama mtoto, fundi mitambo akagonga akidhani nimefiwa.

Daktari wa wanawake alikuwa ametuonya kwamba hali hiyo ingekuja haraka, na kwamba hapo ndipo penye mtego. Vidonge vya kupanga uzazi havitegemewi sana kwa mtu ambaye utumbo wake umepewa njia ya mkato. Akanipangia siku ya kuwekewa kijiti mkononi. Siku hiyo ikaangukia zamu yangu ya asubuhi, nikaahirisha hadi wiki inayofuata. Wiki iliyofuata kulikuwa na uchaguzi na sote tulilala kazini. Baada ya hapo hapakuwa tena na haja ya kijiti.

Ndiyo mama. Nilikuwa mjamzito, na wewe hukuambiwa.

Daktari hakunigombeza. Alikaa akitazama karatasi za vipimo, akasema tutajitahidi. Damu yangu ilikuwa pungufu na vitamini zilikuwa chini. Aliniongezea dawa, akataka kuniona kila baada ya wiki mbili. Nilijiambia kwamba mimba ikishika vizuri nitakuja mwenyewe nyumbani, nisimame mlangoni kwako na tumbo mbele, nione utakavyofanya. Nilikuwa nimeshajipangia hata nguo ya kuvaa.

Wakati huohuo ndipo ulipoleta ule ujumbe kuhusu Kitinda. Uliandika kwamba mdogo wangu amechumbiwa na mwili unamzidi, na kwamba kwa kuwa mimi nimekonda vizuri kwenye picha nimfundishe siri yangu. Nilikujibu maji ya limau na kutembea. Ukaniambia ameanza kuyanywa kila asubuhi.

Maumivu ya kwanza yalinipata hewani. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Nilikuwa nimekula kidogo kabla ya taarifa ya jioni, taa nyekundu ikawaka, nikaanza kusoma, na katikati ya habari ya pili kitu kikanishika juu ya kitovu na kunyonga, kama mtu anayekamua nguo. Nilisoma mpaka mwisho. Uliisikia taarifa ile mama, ulinitumia ujumbe kesho yake kwamba nilisoma kwa hisia. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa amesimama. Yeye huisikia pumzi yangu kabla haijafika kwenu, na alijua kwamba ile haikuwa hisia.

Alinipeleka kwa gari lake hospitali iliyo karibu, siyo ile niliyopasuliwa. Daktari wa zamu alikuwa kijana, amechoka, lakini aliniuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa. Aliniuliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji wowote. Fundi mitambo alikuwa amesimama hapo kando ya pazia, ameshika mkoba wangu kwa vidole viwili kama vile utamng'ata. Nikawaza kwamba kesho redio nzima itajua. Maumivu yenyewe yalikuwa yameanza kulegea. Nikasema sijawahi.

Yule kijana akaniambia ni asidi, inawapata wajawazito wengi. Akanipa dawa ya maji nikarudi nyumbani, na kweli nikalala vizuri. Siku kadhaa nikawa nakula kijiko kimoja kimoja, maumivu yanakuja na kuondoka. Yakija nageukia ukutani. Mume wangu akiuliza nasema mtoto anacheza. Na mtoto alikuwa akicheza kweli, upande wa kulia, nikila kitu cha baridi.

Kisha asubuhi moja, mume wangu akiwa anafunga viatu, nilisimama kumpa mfuko wake wa vifaa na sikufika. Anasema nilikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kitu chini ya meza, na sikutoa sauti. Yeye ndiye aliyeamua twende hospitali ile ya mwanzo, ingawa ni mbali. Alipofika mlangoni hakungoja kuulizwa, aliwaambia wote waliovaa nguo nyeupe, mpaka mfagizi, kwamba mke wake alikatwa utumbo na ana mimba. Wanasema bila maneno yale nisingefika jioni.

Mpasuaji alinieleza baadaye, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Wanapouvuta utumbo na kuuunganisha mahali pengine, unabaki uwazi mdogo katikati. Mtu akikonda, mafuta ya ndani yanaisha na uwazi unapanuka. Mtoto naye alivyokua aliusukuma utumbo juu, ukapenya pale, ukajisokota. Yale maumivu ya studio ndiyo yalikuwa mwanzo wake. Utumbo ulikuwa ukijisokota na kujikunjua wenyewe, mpaka siku ile ulipokataa kujikunjua. Sehemu ilikuwa imeshakufa, ikabidi waikate. Na mtoto, kwa kuwa nilikuwa naishiwa, akawa naye anaishiwa. Wakamtoa.

Alikuwa wa kiume, mama. Aliishi mpaka kesho yake alasiri. Mimi nilikuwa bado nimelazwa usingizi na mashine inanipumulia, kwa hiyo sikumwona akiwa hai. Baba yake alimwona. Walimruhusu aingize mkono kwenye kile kisanduku cha joto, na anasema alishikwa kidole, na kwamba nguvu zilikuwepo. Muuguzi aliwapiga picha. Nimeitazama sana ile picha. Ana masikio yako, yale yaliyojikunja juu kidogo ambayo mimi na Kitinda hatukuyapata. Mume wangu alimzika akiwa pamoja na fundi mitambo na watu wachache wa kazini kwake, waliokuja na magwanda yao ya kazi. Nilipozinduka ilikuwa imeshapita, na yeye alikuwa ameketi kitandani kwangu hajui aanzie wapi.

Nisamehe kwamba ulikuwa na mjukuu kwa siku moja na hukuijua siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike, maana hilo la mwanangu limeshatokea, na hili bado.

Ulimtuma Kitinda aje aangalie hayo mafua. Ulifanya vizuri. Alifika, akaniona ninavyotembea nimeshika tumbo, akaweka mzigo wake chini na hakuuliza kitu mpaka jioni. Ananiogesha, ananipikia, ananitania kwamba sasa mimi ndiye kitinda. Siku ya kunibadilisha bandeji aliona kovu kubwa, na pembeni yake akaona yale madogo ya zamani, akaniuliza haya nayo ni ya nini. Nikamwambia yote. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe, na pengine kwa ukali zaidi, kwa sababu nilitaka aogope. Nilimwambia habari ya kutapika, ya utumbo uliokufa, nikamwonyesha na picha ya mtoto. Alisikiliza huku akikunja mashuka. Alipomaliza la mwisho akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dada, huyo daktari wako anapatikana siku gani?"

Nilidhani hakunisikia. Akaniambia amenisikia vizuri. Kisha akaketi, akanisimulia mambo ambayo na wewe mama huyajui. Tangu akiwa shule hedhi yake inakuja mara tatu kwa mwaka. Kila asubuhi anang'oa nywele kidevuni kabla hujaamka. Mwaka jana alipimwa akaambiwa sukari yake imeanza kupanda, akakuficha kwa sababu ulikuwa unahangaika na goti. Yale maji ya limau aliyanywa mpaka meno yakamuuma, na alikuwa akijilaumu kwamba mimi nimeweza na yeye ameshindwa. Hilo liliniuma kuliko kovu.

Nilimwambia atakufa. Akanijibu kwamba hata hivi alivyo anakufa, ila polepole na kwa adabu. Nilimwambia angoje aolewe kwanza. Akasema mchumba wake anajua hali yake, alimwambia wiki ile ile aliyochumbiwa, na kwamba yeye hana mpango wa kumficha mtu. Tukanuniana siku mbili. Halafu aliniuliza swali moja tu: kama ningerudishwa pale nilipokuwa, na uzito ule, na kiti kile kinacholia, ningekataa upasuaji? Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

Basi nimekwenda naye, mama. Wamempima, wamekubali. Nilimwuliza mpasuaji mbele yake kama yaliyonipata mimi yatampata na yeye. Alisema uwazi ule siku hizi wanaushona mapema, palepale wakati wa upasuaji wa kwanza, na hatari inapungua sana. Nikamwuliza kama inaisha. Akavua miwani, akaifuta, akasema inapungua sana.

Ni Jumatatu ya pili ya mwezi ujao. Hata sasa ninavyoandika yuko hapa mezani mbele yangu, anakunywa ile lishe nyepesi waliyomwagiza kabla ya kisu, na kila akimaliza kikombe anakigeuza kunionyesha kwamba hajabakiza. Amependeza mama, siwezi kukuficha. Ana macho ya mtu anayekwenda safari aliyoingoja. Mimi silali. Namtazama tumbo lake chini ya khanga, naona uwazi ambao bado haupo.

Ameniambia nisikuombee ruhusa, ameshakuwa mtu mzima. Nikuombe tu uje. Nami naongeza langu: ukija umzuie, njoo, ukija umshike mkono, njoo vilevile, mimi sijui lipi ni jema. Najua tu kwamba sitaki kusimama mlangoni pale na mume wangu peke yetu kwa mara ya pili, huku wewe ukiambiwa ni mafua. Mjomba akusindikize mpaka stendi, mume wangu atakupokea. Daktari amekubali kukaa na wewe akueleze na uulize chochote, hata vile ambavyo unaona haya kuvitamka.

Ukifika tutakupeleka kwa mjukuu wako. Hapana jiwe bado, tumekungoja wewe uchague jina.

Mkweo anakuamkia kwa heshima zote, anasema anakuomba radhi kwa uongo wake mmoja. Kitinda anakuamkia pia, na anauliza kama lile shuka lake la maua umelifua. Nami nakushika miguu, mama. Lala salama na unikumbuke katika dua zako, mimi na huyu aliye mbele yangu, na zaidi huyu.

Ni mimi bintiyo mkubwa,
ninayekungoja kabla ya Jumatatu hiyo.